Mchuzi wa Farasi wa Inanchu

Mume wangu Yigen alikufa katikati ya baridi, nasi tukangoja majani yachipue ndipo tumzike, kama ilivyo desturi yetu. Nyuso tulishazichanja kwa visu, damu na machozi vikachuruzika pamoja. Lililobaki ni kuchonga maneno kwenye jiwe la kaburi lake, na hilo jiwe ndilo lililotuletea ugomvi.

"Nimchongeje, mama?" fundi aliniuliza, patasi mkononi. "Shujaa, au mwenye hekima?"

"Mwenye hekima."

"Hekima gani!" Shemeji yangu Inanchu alidakia. "Mwaka jana, majira kama haya, alitugeuza njiani na adui tunamwona! Ule ni woga, shemeji. Keshokutwa mimi nawapeleka vitani, na mwanao Togan atakuwa mbele."

Moyo ulinipasuka. Togan ndiye mtoto pekee niliyebaki naye. Lakini mimi si wa kulialia mbele ya Inanchu.

"Haya, basi kaka yako achinjiwe farasi wa maana kwa karamu ya maziko," nikamwambia. "Au wako ni wa kuringia tu?"

Namjua huyu, mtu wa sifa.

"Mchinjeni wangu!" akanguruma. "Yule mwekundu! Nani ana farasi wa kumshinda?"

Akachinjwa, akapikwa. Wanaume wakalizunguka jungu, nami nikapakua mwenyewe, nikaanza na Inanchu. Mchuzi ulikuwa kama maji ya kuoshea bakuli. Hata tone la mafuta halikuelea.

"Jamani, haya si maji ya moto?" mzee mmoja akasema, wakaangua kicheko. Kisha wakageukia malishoni. Kila mtu alikuwa anamwaza farasi wake mwenyewe, aliyeparua theluji msimu mzima wa baridi akitafuta nyasi, akakonda.

"Shemeji," nikasema, "kama huyu ndiye bora wetu, hao wengine watatufikisha wapi? Yigen aliliona hili bila kumchinja hata mmoja."

Inanchu aliinamia bakuli lake. Sikumwonea huruma hata chembe. Mwishowe akamgeukia fundi.

"Chonga. Mwenye hekima."

"Na vita, baba mdogo?" Togan akauliza.

"Vita gani? Farasi wanenepe kwanza. Kula, unyamaze."

Kwetu jiwe husema kwa kinywa cha marehemu. Fundi aliponiuliza kama kuna la kuongeza, nikamwambia achonge hivi: mke wangu sikumshiba.

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya Inanchu na wote.