Dumu la Fundi Koki

"Hivi, Mama Koki, ni kweli unamtilia mumeo chumvi kwa siri?"

Jirani yake, msusi, alimuuliza hivyo kitana kikiwa mkononi, wala hakushusha sauti. Miaka imepita, na mume mwenyewe Mungu alishamchukua, lakini Mama Koki akilikumbuka swali lile hucheka peke yake jikoni. Siku ile hakucheka. Alijua limetoka kwa wifi yake, dada mkubwa wa mume, mwanamke ambaye akisema kunguru ni mweupe, ukoo mzima unaitika ndiyo.

Mume alikuwa fundi bomba, mtaa ukimwita Fundi Koki. Presha yake ilipanda ikagoma kushuka. Mama Koki alipika bila chumvi, akakamulia ndimu, akamwomba Mungu, presha ileile. Miguu ikaanza kumlegea fundi juu ya ngazi. Hapo wifi akahamia kwao na begi lake, akalishika jiko mwenyewe. Mwezi mzima aliwalisha vyakula vya kuchemsha kwa maji matupu, na bado kipimo kilisoma mia na tisini.

"Basi unamrambisha chumbani," wifi akasema. "Daktari asipoona sababu nyingine, namchukua ndugu yangu akakae kwangu. Nimemlea mimi."

Mama Koki akaendelea kukunja mashati ya mumewe. Bila mume, pale angebaki na kuta tu.

Daktari akataka mkojo wa siku nzima, usipotee hata tone. Fundi akatafuta dumu safi, akaliandika ubavuni kwa mkono wake: SI CHAI. Kazini alikwenda nalo, limelala kwenye mfuko wa vifaa kati ya spana na msumeno.

"Mke wangu," alisema aliporudi, "leo mteja kaniuliza juisi nauza bei gani."

Ndivyo alivyokuwa. Hata akiumwa, nyumba yao haikukosa kicheko.

Wiki ya pili wakaitwa wote watatu. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani puani, akawageuzia karatasi ya majibu.

"Chumvi anayokula mtu siku zote, ndiyo hiyo hutoka kwenye mkojo. Hapa ni kidogo mno. Anayempikia huyu bwana ni mwaminifu."

"Sasa presha inatoka wapi?" wifi akauliza.

"Kwa kawaida presha ikipanda, figo humwaga chumvi na maji zaidi, nayo presha hushuka. Lakini juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Hutuma ujumbe kwenye damu, ndio homoni: shika chumvi, usiiachie. Mwili ukipungukiwa chumvi, ujumbe huo ni wa heri. Ila vipimo vya damu na picha tulizompiga vinaonyesha tezi yake moja ina kivimbe, nacho kinatuma ujumbe huo bila kuagizwa. Kwa sababu hiyo figo zinatupa madini yanayotia misuli nguvu, ndiyo maana miguu inalegea."

Fundi akajipiga paja. "Kumbe koki imekazwa! Maji hayapiti mpaka pampu isukume kwa nguvu. Na pampu ndiyo presha!"

"Hapohapo, fundi. Chumvi inatoka, lakini mpaka presha iwe juu. Nitakupa vidonge vya kuizuia homoni hiyo."

Vidonge hivyo vilimpa miaka kumi na miwili mingine. Lakini anachokikumbuka zaidi Mama Koki ni kilichofuata mle chumbani. Fundi, ambaye hakuwahi kumwinulia dada yake macho, alimgeukia.

"Dada, umenilea, nakuheshimu. Ila umemchafua mke wangu mtaani kwa chumvi ambayo sikuila. Mimi siendi popote. Na yeye mwambie neno la radhi, hata moja."

Mama Koki alisubiri. Hata "pole" ingemtosha. Chini ya meza mkono wa fundi, wenye sugu za spana, uliushika wake, na joto lile analo mpaka leo.

"Dumu lenyewe lilikuwa linanuka," wifi akasema.

Akainuka, akajifunga kilemba vizuri, akatoka.