Faida kwa Taifa

Kaka yangu Felisiani alikuwa anaoa Mbala, Zambia, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka Sumbawanga. Mama alishavuka na debe la ulezi wa kupikia pombe. Hata ng'ombe wa mpakani huenda kula majani Zambia wakarudi kunya Tanzania, na hakuna anayewauliza kitu. Mimi, kwa kosa la kuwa daktari wa serikali, ilibidi niombe kibali.

Fomu iliuliza: "Safari ina faida gani kwa taifa?"

Nikaandika: "Taifa litapata wifi."

Wiki mbili baadaye fomu ikarudi. Meshack, afisa wa vibali, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Faida haitoshi."

Basi arusi ya kaka yangu nikaila kwa macho, kwenye simu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nakunywa chai, simu ikalia. Alikuwa Meshack mwenyewe. Yuko Mbala, kwenye semina ya siku tano ya kupunguza safari za nje. Nyama choma za semina zilikuwa zimemwamshia jongo, na kidole gumba cha mguu kimevimba kama kiazi.

"Dokta Bertilla, dada yangu, vuka uniletee dawa. Nakufa!"

"Hufi, jongo haliui. Hiyo safari ina faida gani kwa taifa?"

"Taifa litanipata mimi, mzima!"

Nikapiga funda la chai.

"Bwana Meshack, faida haitoshi."