Gari Lililoacha Kuamkia

Adabu yote ya Zadok Ooko ilikuwa imekaa kwenye springi mbili za mbele za gari lake, na springi zenyewe zilikuwa zimechoka. Kabla ya hapo haikujulikana ilikuwa wapi.

Gari lenyewe, Datsun ndogo ya rangi ya maziwa, alilinunua kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, mwaka ule kiwanda cha pamba kilipofungwa na wafanyakazi wakapewa kila mmoja bahasha na barua ya shukrani. Wenzake walinunua mashine za kusaga. Wengine walinunua ng'ombe, na mmoja alioa wake wawili kwa mkupuo. Zadok alinunua gari. Kazi yake mpya ya kuuza nyuzi za nyavu pale Kirumba haikuhitaji gari hata kidogo, ila miaka kumi na moja ya kuitwa mkubwa haimtoki mtu kwa barua ya shukrani, na kutembea kwa miguu kutoka Pasiansi kulimuuma zaidi moyoni kuliko kwenye nyayo.

Gari lilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukikanyaga breki, pua ilishuka mpaka bampa likakaribia kulamba vumbi, ikakaa huko chini kidogo, kisha ikapanda taratibu, ikashuka tena nusu, ikapanda, ikatulia. Ilipokuwa inashuka ulisikika mguno mzito kutoka uvunguni, wa mtu mwenye magoti mabovu. Watu wa Pasiansi walisema gari limejifunza kupiga goti kwa padri, na Zadok, aliyekuwa Msabato, hakupenda utani huo.

Sasa sikilizeni habari ya Mzee Ngosha, kwa sababu bila yeye springi zingebaki springi.

Mzee Ngosha wa Igogo alikuwa mlinzi wa geti pale kiwandani. Kila asubuhi, saa moja na nusu, alifungua geti, akasimama wima na kirungu chake ubavuni, akasema, "Shikamoo, mkubwa." Aliyeambiwa hivyo ni Zadok, ambaye Ngosha alimzidi miaka ishirini kamili, lakini cheo ni cheo. Na Zadok, ndani ya Land Rover ya kiwanda, kioo kimepandishwa kwa sababu ya vumbi, aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, basi. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anawaza mambo ya ofisi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kumi na moja, ukiondoa sikukuu na mwisho wa wiki.

Kisha kiwanda kikafungwa, na Zadok, mwanaume wa miaka arobaini na mbili ambaye mkewe wa kwanza alifariki zamani, akampenda mwanamke mshonaji aliyekuwa na cherehani yake kwenye kibaraza jirani na duka lake. Jina lake Justa. Alimpenda kwa miezi mitatu ndipo akauliza ni binti wa nani. Akaambiwa ni binti wa Ngosha.

Justa hakumficha kitu. Alimwambia mapema kwamba baba yake hana neno na Mjaluo, hana neno na Msabato, wala hana neno na mwanaume aliyewahi kuoa. Alikuwa na sharti moja tu: anayemtaka binti yake asimame getini pake amwamkie, kama watu wanavyoamkiana.

Ungedhani ni jambo jepesi. Mtoto wa darasa la kwanza anasema shikamoo mara ishirini kabla ya uji. Lakini Zadok alipojaribu mbele ya kioo chake cha kunyolea, ulimi uligoma. Habari za asubuhi mzee, ulitoka. Mmeamkaje nyumbani, ulitoka vizuri sana. Shikamoo ilifika kooni ikasimama, kwa sababu kila akitaka kuitoa alimwona Ngosha wa zamani akiwa wima na kirungu, na kioo cha Land Rover kati yao. Aliona haya, na hakujua kwamba ni haya. Alidhani ni mafua.

Jumapili ya kwanza alikwenda hivyohivyo. Alifika mbele ya geti la bati la bluu, mzee amekaa kwenye kigoda chake nje, akakanyaga breki. Pua ikashuka. Mguno ukasikika. Ngosha akalitazama lile bampa lililoinama miguuni pake, akamtazama Zadok aliyefumba mdomo nyuma ya usukani, akalirudia bampa. Halafu akasema, "Marahaba," akainuka, akafungua geti.

Zadok alipewa kiti na kikombe cha maziwa mgando, na hakuna aliyesema lolote kuhusu bampa.

Ilikwenda hivyo miezi mitano. Kila Jumapili gari liliamkia, mzee aliitikia, geti likafunguka. Zadok akawa dereva hodari wa jambo hilo moja: alijua aanzie kukanyaga breki wapi ili goti lishuke hatua mbili kutoka kwenye kigoda, si mbali likaonekana dharau, si karibu mno likawa ni kumgonga mkwe. Akalizoea, akaona amemaliza kazi. Ikapangwa tarehe: Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, wazee wa Zadok waje kutoka Shirati kuzungumza mahari.

Wiki mbili kabla ya tarehe hiyo, gari likaanza kuvutia kushoto, na Zadok akalipeleka kwa Yunus. Huyu alikuwa fundi mwenye gereji isiyo na paa pale Pasiansi, katikati ya majabali mawili makubwa, moja akilitumia kutundikia nguo na jingine kuegeshea injini. Yunus alipiga jeki, akashika tairi la mbele kwa mikono miwili, akalitikisa. Tairi likacheza kama jino la mtoto. Akaingia uvunguni, akakaa huko muda mrefu akiguna peke yake, akatoka na uso wa daktari.

"Kaka," alisema, "hili gari halimwamkii mtu. Linaaga."

Alimweleza kwa utaratibu. Shokapu zimekufa, mafuta yote yamemwagika. Springi zimelala na moja imekatika kichwani, ndiyo inayoguna. Bushi za mpira zimeliwa zimekuwa makombo. Lakini hayo yote ni mapambo tu. Hatari ni boljointi, kile kifundo kinachoshikilia gurudumu lote, ambacho sasa kinashikilia kwa imani. Siku moja kwenye mteremko gurudumu litachomoka, na Zadok na wageni wake watajikuta ziwani na suti zao.

Zadok akawafikiria wazee wa Shirati, mmoja wao mwenye miaka themanini, akasema badilisha vyote.

Yunus alifanya kazi siku mbili. Alipanga mawe chini ya chesesi maana hakuiamini jeki yake mwenyewe. Boljointi ya zamani ilikataa kutoka. Aliipiga nyundo, akaimwagia mafuta ya taa, akaitukana kwa lugha tatu, na ilipotoka ilitoka ghafla ikamkosa jirani aliyekuwa anapita na ndoo. Springi mpya, zilizokuja kutoka Dubai zikiwa bado na grisi ya dukani, alizibana kwa minyororo na bolti ndefu, akiwaambia watazamaji wakae mbali kwa sababu springi iliyobanwa haina urafiki. Alipomaliza aliweka vile vya zamani kwenye gunia, kama mafundi wafanyavyo, mteja aende navyo nyumbani aone hakuibiwa. Zadok alisema hana haja navyo, afanye anavyotaka. Alilijutia neno hilo.

Jumapili akaenda Igogo. Gari lilikuwa tamu, linanyooka, halina kelele. Akafika pale pale anapofikaga, akakanyaga breki.

Gari likasimama. Halikuinama hata unene wa kidole. Lilisimama limekaza kifua, taa zimemkodolea mzee, kimya.

Ngosha alikuwa ameshaanza kuinuka. Alibaki nusu, mikono magotini, anangoja. Zadok akaguswa na kichaa. Akarudi nyuma, akaja tena kwa kasi, akakanyaga breki kwa miguu miwili. Kifua chake kiligonga usukani, honi ikalia. Mzee akakaa chini. Geti halikufunguliwa siku hiyo, na jioni Justa alileta ujumbe kwamba wazee wa Shirati wasisumbuke na safari, baba amesema atatoa tarehe nyingine akijisikia.

Mtu mwenye akili angefanya jambo moja. Zadok alifanya mengine yote. Jumatano alifunga mfuko wa saruji juu ya boneti ili pua ilale; haikulala, na alipokanyaga breki mfuko uliendelea na safari peke yake, ukapasuka mbele ya kigoda, kuku wa Ngosha wakawa wa kijivu mpaka Ijumaa. Alhamisi alitoa upepo matairi ya mbele. Gari likaonekana limesinzia tu. Ijumaa alikwenda kwa Yunus akamwomba amrudishie ubovu wake.

Yunus alimtazama sana. Katika miaka yake yote ya ufundi, alisema, hajawahi kuombwa hivyo. Halafu kwa aibu kidogo akaeleza kwamba boljointi na shokapu zimeshakwenda kwa wanunua chuma, ila springi amemfungia Abdillah, mtu wa mapanki, mwenye Datsun ya aina ileile na mfuko mwepesi.

Abdillah alikuwa akibeba mapanki ya sangara, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki, kutoka kwenye viwanda vya minofu na kuyapeleka kwa wakaangaji, na njia yake ilipita Igogo. Zadok akaenda kujibanza nyuma ya kioski cha sigara, ng'ambo ya barabara, mbali kiasi cha kutoonekana. Saa nne gari la Abdillah likaja, linanuka na kelele zake tangu kona, na Zadok akakaza macho kwenye bampa. Mbele ya geti la bluu kuna mtaro, likafunga breki. Pua ikashuka. Ule mguno, mguno wake Zadok, ukasikika mpaka kwenye kioski. Na Ngosha akainua mkono, mdomo ukafunguka, "Marahaba, mwanangu," na akatoka mtoto wa nyumbani na kikombe cha maziwa kwa ajili ya Abdillah.

Zadok alishikwa na wivu ambao hakuwahi kuusikia kwa mtu yeyote. Alimfuata Abdillah mpaka kwa wakaangaji, akamwambia ataje bei ya zile springi. Abdillah, mwenye mke na watoto wanne na asiyejua lolote, alikataa katakata. Tangu azifunge, alisema, wazee wanampenda.

Jioni Zadok alikaa kwenye kibaraza cha Justa akamwaga yote: springi, saruji, Abdillah. Alisema baba wa Justa anamwoza binti yake kwa chuma. Justa aliacha kukanyaga cherehani. Alimwacha amalize.

"Zadok," akasema, "unafikiri baba yangu ni mwendawazimu? Unafikiri alidhani gari linamwamkia?"

Zadok akasema mzee alilijibu gari. Alimsikia kwa masikio yake.

"Alikuwa anakupa muda. Aliona unashindwa, akaitikia kabla hujasema ili usiaibike mbele yangu. Miezi mitano kila Jumapili anangoja. Gari lilipokaza shingo, akaona na wewe ndani yake umekaza, akachoka."

"Na Abdillah?"

"Abdillah anatoa kichwa dirishani tangu kwenye kona, anapiga shikamoo inasikika mpaka ziwani. Wewe ulikuwa unatazama bampa."

Zadok alitazama kidole chake cha shahada kilicholala gotini, akakikunja.

Jumatatu aliamka giza halijaisha vizuri, akaliacha gari chini ya turubai, akatembea. Kutoka Pasiansi mpaka Igogo ni mwendo, na viatu vyake vilikuwa vya kukanyagia klachi. Saa moja na nusu alisimama mbele ya kigoda, jasho likimtiririka, akainama.

"Shikamoo, baba."

Ilitoka imekwaruza, lakini ilitoka. Ngosha alikuwa anatazama barabarani, mbali, kama mtu anayewaza mambo ya ofisi. Hakugeuka. Aliinua kidole kimoja kutoka juu ya goti, akakishusha.

Zadok alisimama pale. Kilimwingia kile kidole mpaka kwenye mifupa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alijua kinavyopokelewa upande wa pili. Alitaka kusema samahani, akaona ni fupi mno. Akarudi kwa miguu.

Jumanne akaja. Kidole. Jumatano, kidole. Watu wa Igogo walianza kutoka nje na miswaki yao mdomoni kumtazama, na Yunus akafunga safari kutoka Pasiansi kuhakikisha kwa macho yake. Mvua ikanyesha Ijumaa, Zadok akaja amelowa, akainama, akaamkia, akapata kidole. Hakuwa anahesabu siku. Alikuwa ameacha hata kungoja jibu. Alikuwa anaamkia tu, na sauti ilikuwa imeacha kukwaruza.

Aliyekuwa anahesabu ni mzee. Siku ya kumi na moja kidole hakikuinuka. Ngosha aligeuza uso mzima, akamtazama Zadok kuanzia viatu vilivyopasuka mpaka kichwani, macho yake yakiwa yamelowa na hakuyaficha.

"Marahaba, mwanangu," alisema. Aliinuka kwa kujishika magoti, na magoti yakaguna. Akafungua geti, akachungulia barabarani kushoto na kulia, akauliza gari liko wapi.

Zadok akasema ameliacha nyumbani, na kama baba anapenda atakwenda kulileta.

"Liache," alisema Ngosha. "Lile nilishaliitikia vya kutosha."