Suzan Anajua, Restituta Anakaba

Kata nzima ya Ntobeye, kule Ngara, ilikuwa na msemo mmoja: Suzan anajua mpira, Restituta anakaba. Waliusema sokoni, wakausema nje ya kanisa baada ya misa, na kila aliyeusema alidhani amewasifu wote wawili. Restituta alikuwa akitabasamu huku roho ikimchoma. Kwani kukaba si kujua?

Wawili hao walicheza dimba la kati katika timu ya wanawake ya kata. Suzan, namba nane, alikuwa na mguu wa kushoto ambao mpira ukiufikia hauruki, unalala. Pasi zake za kupenyeza, hata washambuliaji wenyewe hawakuziona mpaka ziwe zimewafika miguuni. Lakini mpira ukipotea, Suzan alisimama mikono kiunoni, utadhani anasubiri gari. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya Restituta, namba sita, binti aliyezoea kupanda vilima na mkungu wa ndizi kichwani. Alinusa hatari, akaziba njia, akapokonya, akampa Suzan. Watu wakamshangilia Suzan.

Siku walipokwenda kucheza na timu ya Biharamulo mjini, kocha Frednand aliwageukia ndani ya gari walipokwisha kuipita Nyakahura.

"Leo atakuwepo mama mmoja, Priscila, anachagua timu ya mkoa. Kiungo anamtaka mmoja tu." Akamtazama Restituta. "Na wewe Resti, toa basi pasi za mbele kama mwenzio. Si kila siku kufagia tu."

Kufagia! Neno hilo Restituta aliingia nalo uwanjani.

Filimbi ilipolia, hakukaa nyuma. Alipanda, akaomba mpira, akajaribu chenga aliyomwona Suzan akiipiga mara nyingi. Kiungo wa Biharamulo, dada mmoja mrefu aitwaye Keza, alimpokonya bila hata kumgusa, akainua kichwa, akapiga pasi ndefu katikati ya uwazi ambao Restituta alikuwa ameuacha. Bao.

"Resti! Uko wapi?" kocha alipiga kelele.

"Niko mbele, si ulinituma?" Restituta alijibu, lakini kwa sauti ya chini, maana Frednand alikuwa mkubwa kwake na ni mwalimu wake wa zamani.

Wakati wa mapumziko Suzan alimfuata pembeni, jasho likimtiririka.

"Unafanya nini kule kwangu?"

"Nacheza kama wewe. Si ndivyo mnavyotaka wote?"

Suzan alicheka, cheko lisilo na furaha. "Kama mimi? Unajua juzi kocha aliniambia nini? Ati ningekuwa na moyo wa Restituta ningefika mbali. Ati mimi ni wa mapambo. Mama naye anasema nacheza kama bibi harusi anayeogopa kuchafua gauni."

Restituta hakuwahi kuyasikia hayo. Alitaka kumwonea huruma, ila hasira ilikuwa imejaa, haikuacha nafasi.

"Basi kakabe wewe."

"Nikikaba natoa faulo. Na wewe chenga huna, yewe dada. Rudi nyuma. Ukiupata mpira, nitashuka niufuate hukohuko."

Aliyasema kana kwamba anaamuru. Jambo hilo lilimuudhi Restituta kuliko bao lenyewe, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Kipindi cha pili alirudi mahali pake. Keza alipokuja na mpira, Restituta hakumrukia. Alimwelekeza pembeni, akamsubiri aangalie chini, kisha akauchomoa. Suzan alikuwa ameshuka kweli. Alipokea, akageuka, akapenyeza, na mshambuliaji wao Akimana akafunga. Mpaka mwisho ikabaki sare ya bao moja kwa moja.

Priscila aliwafuata walipokuwa wakivua viatu. Walisimama, wakamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mmenifurahisha. Ninyi wawili mkiunganishwa mnatoa kiungo mmoja hatari sana." Akawatazama mmoja mmoja. "Lakini nafasi ni ya mtu mmoja. Nimemchukua Keza. Yeye anakaba na anachezesha."

Restituta aliinama, akaendelea kufungua kamba ya kiatu ambayo ilikwisha kufunguka.

Wakashika njia ya kurudi Ngara. Kocha Frednand alijikohoza. "Yaani Suzan angekuwa na nguvu za Resti, na Resti angekuwa na..."

"Kocha, naomba usimalizie," Restituta alisema. Hakuwahi kumkatiza mtu mzima maishani mwake. Frednand alimtazama kidogo, akageukia barabara.

Walipofika Benako, gari liliposimama, Suzan alimsogelea. "Ulimpokonyaje Keza bila faulo? Unielekeze kesho."

"Kesho tunapiga maharage tuliyovuna nyumbani," Restituta alijibu, akageuza uso dirishani. Alikuwa bado anafoka moyoni, kwa kocha, kwa yule mama, kwa Suzan na mguu wake wa kushoto. Malori yalipita, vumbi likatulia.

"Keshokutwa jioni," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Na mimi utanionyesha ile chenga. Usichelewe."