Diwani Hataki Kula

Hadi wiki ya tisa Diwani alikuwa hajaweka kitu mdomoni, na mimi nilikuwa nimeshachoka kuulizwa.

Baba alianza kabla sijafungua dirisha. "Amekula?" Nikirudi kutoka dukani mchana: "Amekula?" Nikiwa natoa kopi vyeti vya watu waliopanga foleni mpaka barazani, simu inaita, na badala ya salamu nasikia, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, ndivyo anavyoniita, "jana ulipoangalia, hukuona kama panya amepungua?"

Panya hapungui, baba. Panya ama yupo, ama hayupo.

Diwani ni chatu. Wakati huo alikuwa na urefu wa mkono wangu, na unene wake haukuzidi kidole gumba. Baba yangu, Mzee Masanja, alicheza ngoma ya nyoka miaka thelathini na minne, kuanzia Magu hadi Musoma, na kibali chake cha kufuga nyoka anakitunza kwenye mfuko wa plastiki chini ya mto. Miaka mitatu iliyopita presha ya macho ilimpofusha. Nikamchukua aje kukaa kwangu, Guta, nje kidogo ya mji wa Bunda. Alikuja na begi moja na ngoma moja, bila nyoka, nikamshukuru Mungu. Mwaka huu wenzake wa Magu wakapata mayai ya chatu yaliyoanguliwa, wakamkumbuka mzee wao, wakamletea mmoja kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa matundu. Baba akampa jina la Diwani kwa sababu, alisema, anakaa kimya kikao kizima.

Sikukataa. Baba alikuwa amekaa miezi mingi kwenye kiti cha plastiki, uso ameuelekeza ukutani, na siku ile ndoo ilipofunguliwa alisimama mwenyewe bila kushikwa. Nililiona hilo. Ndiyo maana sikukataa, na matatizo yangu yote yakaanzia hapo.

Tulianza na kifaranga cha siku moja. Nilikiweka kwenye kasha la mbao lenye kioo ambalo fundi alinitengenezea, nikafunika, nikaenda kanisani. Niliporudi, kifaranga kilikuwa kimejikunja juu ya mgongo wa Diwani, kimelala. Diwani naye ametulia kama mzazi. Nilikitoa, nikakirudisha kwa mama yake. Sasa hivi ni tembe, anakaribia kutaga.

Tukaja kwa panya. Jirani yangu wa dukani, Shamsia, anauza mchele na maharage, na stoo yake ina panya wengi kuliko magunia.

"Hamjaweka sumu?" nilimuuliza.

"Nakuapia, dada Ursula. Ningekuwa nimeweka, wangekuwepo wote hawa?"

Aliwatega kwa mtego wa waya, akanipa mmoja mdogo ndani ya kopo la maziwa, uso ameugeuzia pembeni. Nilimwingiza kwenye kasha akiwa hai, kama baba alivyosema. Baada ya nusu saa nikasikia kishindo. Panya alikuwa amemng'ata Diwani mkia, na Diwani, chatu, mtoto wa majitu yanayomeza mbuzi, alikuwa amejibana kwenye kona kichwa kakificha chini ya mwili. Nilimtoa panya kwa koleo la mkaa. Baba alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia nimletee Diwani amshike. Alimpapasa kuanzia kichwani mpaka kwenye kidonda.

"Amekonda," alisema. "Jana hakuwa hivi."

Nikampeleka Musoma. Nilimtia kwenye foronya, foronya nikaifunga kamba, nikaiweka ndani ya kikapu chenye kitambaa juu, nikamwomba Mungu asitokee mtu wa kuniuliza nauza nini. Daktari wa mifugo, Boniphace, mtu mpole mwenye buti za mpira, alifungua foronya, akachungulia, akaifunga tena.

"Mama, mimi ni mtu wa ng'ombe."

"Najua, daktari. Lakini wa nyoka yuko wapi?"

Alimpima uzito kwenye mzani wa vifaranga, akamkagua mdomo kwa kijiti cha pamba, akasema haoni ugonjwa. Akasoma soma kwenye simu yake. Joto, alisema. Nyoka akipata baridi tumbo halifanyi kazi. Nimwekee balbu upande mmoja wa kasha. Nilinunua balbu, nikaifunga, na umeme ukakatika siku tatu.

Ulipokatika ndipo baba alipotoa wazo lake la zamani: tumfungue mdomo kwa kijiti na kumsukumia kipande cha nyama. Mimi nishike kichwa, yeye ashike mkia. Nilisema hapana. Alisema zamani walikuwaga wanafanya hivyo. Nilisema zamani alikuwa anaona. Halafu nikajuta, nikashika kichwa. Diwani aliniuma kwenye kiganja, meno madogo kama sindano za cherehani, na kipande cha nyama kikaangukia kwenye sketi yangu ya kazini. Nilikaa sakafuni nikalia. Si kwa maumivu. Nilikuwa nimechoka.

"Kuna mtu mmoja tu anayejua," baba alisema baadaye, polepole, kama anayetoa mwiba. "Lakini sitaki kumsikia."

Mtu mwenyewe ni Mwandu. Walicheza pamoja zaidi ya miaka ishirini. Kisha kwenye sherehe moja ya wakulima, mbele ya umati, baba akachukua kipaza sauti akasema nyoka wa Mwandu ni vibogoyo, kwamba Mwandu huwang'oa meno kabla ya kucheza nao. Watu walicheka. Mwandu alifunga vitu vyake akahamia Butiama kwa mwanawe, na hawajasemeshana tangu siku hiyo, mwaka wa tisa sasa.

"Ni kweli aliwang'oa?" nilimuuliza baba.

Alijikuna goti. "Siku ile yeye ndiye alikuwa anashangiliwa sana."

Jumamosi nilifunga duka, nikaenda Butiama bila kumwambia. Nilimkuta Mzee Mwandu nyuma ya nyumba akikata majani ya mbuzi. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Nilipotaja mimi ni binti wa nani, alirudi kwenye majani yake.

"Baba yako mzima?"

"Mzima, lakini haoni."

Panga lilisimama hewani. "Haoni kabisa?"

"Mwanga na giza tu."

Alikaa kwenye gogo. Nikamweleza yote: kifaranga, panya, daktari, balbu, kijiti. Alisikiliza akitikisa kichwa kila hatua kama mwalimu anayesahihisha daftari baya. Nilipomaliza alikunja mkono wa shati. Mkono mzima, kuanzia kifundo hadi juu ya kiwiko, ulikuwa na makovu madogo madogo yaliyopangana kwa mistari.

"Haya yaliachwa na ufizi?" aliuliza.

Nilishindwa hata kumwangalia. "Samahani, baba."

"Si wewe uliyeshika kipaza sauti." Aliteremsha shati. "Sasa niambie. Huyo mtoto wa chatu, nani anamshika?"

"Hashikwi sana. Mimi wakati wa kusafisha. Na baba."

"Baba yako anamshika mara ngapi?"

Nilianza kuhesabu. Asubuhi kabla ya chai. Baada ya chai. Nikitoka, sijui mara ngapi. Nikirudi huwa namkuta ameshamweka mapajani. Jioni anamshika mpaka taarifa ya habari iishe. Kila anapotaka kujua kama amekula, anamtoa ampapase tumbo. Angejuaje vinginevyo?

"Unaona," Mwandu alisema. "Chatu mdogo analiwa na kila kitu: mwewe, kenge, nguchiro. Akishikwa, anajua ameshikwa na mwewe. Wewe ukishikwa na mwewe mara kumi kwa siku, utakula?" Akaniambia nimhamishie kwenye boksi dogo, la viatu linatosha, ajisikie amebanwa pande zote. Nimweke mahali pa giza lakini pa joto. Mtu asimguse siku saba. Kisha panya mdogo, aliyekufa, aliyepashwa kwenye maji ya moto, na nimshike kwa koleo nimtikise kidogo. Akikataa, niondoe, nisubiri siku tatu tena. "Na akishakula, siku nne mikono mbali. Ukimshika atatapika, na utaanza upya."

Nilirudi nikijipanga jinsi ya kusema. Nilikuwa na maneno mazuri mpaka nilipofika mlangoni na kumkuta baba na Diwani shingoni.

"Baba, mrudishe."

"Ndiyo kwanza nimemtoa."

"Mrudishe! Wewe ndiye unayemuua."

Hayo hayakuwa maneno niliyoyapanga. Baba alimtoa Diwani shingoni, akanyoosha mikono hewani kunitafuta nimpokee. Nilimpokea, nikamweleza nilikotoka na nilichoambiwa.

"Nisipomshika," alisema, "nitajuaje kama yupo?"

Nilimweka Diwani kwenye boksi la viatu nililolitoboa tundu upande mmoja, boksi nikaliweka stoo juu ya rafu karibu na bati linalopigwa na jua, nikafunga mlango wa stoo kwa kufuli. Ufunguo nilitembea nao. Ndiyo, nilimfungia baba yangu mlango ndani ya nyumba tuliyokuwa tunakaa sote. Siku mbili hakunisemesha ila "ndiyo" na "asante". Siku ya nne nilirudi mapema nikamkuta amesimama mlangoni pa stoo, sikio ameliweka kwenye ubao.

"Sisikii kitu," alisema kabla sijamsemesha.

"Nyoka hasikiki, baba."

"Zamani nilikuwaga nawasikia."

Siku ya saba, jioni, nilimpasha panya wa Shamsia kwenye kikombe nilichokitenga kwa kazi hiyo, nikamtikisa mbele ya boksi kama nilivyoambiwa. Diwani alimtazama. Alitoa ulimi mara mbili, akarudi nyuma kwenye giza lake. Nilitikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Nilimtupia paka panya, nikapita mbele ya baba bila kusema neno, na yeye, namshukuru, kwa mara ya kwanza hakuuliza.

Siku ya kumi niliamka kukiwa kumepambazuka, mvua ikiwa imepiga na kuacha. Nilipasha panya mwingine. Baba alikuwa ameshaamka, nikamsikia akiburuta kiti chake mpaka nje ya mlango wa stoo. Niliurudishia mlango, nikaacha upenyo.

"Baba, usiseme kitu."

"Sisemi. Yuko wapi?"

"Kwenye boksi. Kichwa kiko kwenye tundu."

"Kimeinama au kimenyooka?"

"Kimenyooka. Nyamaza."

Nilimsogeza panya. Diwani akatoa ulimi. Akatoa tena. Shingo yake ikajikunja polepole kama herufi ya S.

"Amejikunja shingo," nilinong'ona.

Nyuma yangu baba alivuta pumzi akaishikilia. "Usisogee, mayu. Usitikise tena. Acha."

Niliacha. Nilihesabu mapigo ya moyo wangu mwenyewe. Kisha koleo likavutwa mkononi mwangu, na sikuona hata alivyoruka. Niliona tu panya amezungushwa mara mbili tatu na Diwani amemfumbata kwa mwili wake mwembamba.

"Amekamata! Baba, amekamata!"

"Taratibu! Usipige kelele! Anafanya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza jinsi anavyobana, jinsi anavyolegeza, jinsi anavyokitafuta kichwa cha panya kwa pua. Jinsi taya lilivyoachama upande mmoja, kisha mwingine. Masikio yamepita. Mabega yamekwama, hapana, yamepita. Imebaki miguu ya nyuma. Umebaki mkia. Sikumbuki kama nimewahi kumsemesha baba kwa muda mrefu hivyo bila kukasirika. Mkia ulipotoweka nilitoka, nikafunga mlango. Baba alikuwa anatokwa na machozi na hakujali nione.

"Ana uvimbe?"

"Anao. Katikati, mkubwa kama limau."

"Nimguse kidogo tu."

"Baba!"

"Haya, haya. Siku nne."

Nilimpigia Mwandu kumshukuru. Nikiwa bado namweleza, baba alinyoosha mkono kuomba simu. Mwandu alisikia pumzi tofauti, akauliza ni nani. "Ni mimi," baba alisema, na baada ya hapo wote wawili wakanyamaza hadi nikadhani salio limekwisha. Niliwaachia simu, nikaondoka mbio kwenda kufungua duka, maana watu watatu walikuwa wananisubiri na fomu zao.

Niliporudi mchana simu ilikuwa imezima chaji na baba ameoga.

"Mwandu anakuja Jumamosi," alisema. "Itabidi upike."

"Ulimwomba msamaha?"

"Tuliongea."

"Nimekuuliza kama ulimwomba."

"Nilimwambia nilisema uongo." Alipapasa ukingo wa kiti. "Akasema alijua, alikuwa anasubiri nimwambie mwenyewe. Halafu akaniuliza chatu amejikunjaje shingo, nikamweleza."

Nikataka kumuuliza kama angekufa kwa kufanya hivyo miaka tisa iliyopita, lakini njaa ilikuwa imenishika. Nilienda jikoni kuwasha moto. Tangu asubuhi hakuna aliyekula nyumbani kwetu isipokuwa Diwani.