Pua Katika Kila Neno

Ukurasa niliouandika kwa mkono wangu ulirudi mezani kwangu ukiwa umejaa pua.

Tulikuwa tukitunga kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya shule, na kila mtunzi alikuwa na mafungu yake ya herufi. Mimi nilipewa maneno yanayoanza na "sn". Wakati mmoja, tukinywa chai, nilimweleza Profesa, mhariri wetu mkuu, jambo lililokuwa limenichekesha: mengi ya maneno hayo yanahusu pua. "Sniff" ni kunusa, "snore" ni kukoroma, "sneeze" ni kupiga chafya, "snot" ni kamasi, na "snout" ni pua iliyochomoza ya mnyama kama nguruwe. Nilimtahadharisha kwamba ni mengi, si yote, na kwamba hapo hapatoki kanuni. Aliitikia kwa kichwa, akamalizia chai yake.

Sasa nilikuwa nikisoma haya: "Snake: nyoka, mnyama atambaaye, mwenye kutoa sauti puani. Snow: theluji; barafu laini ianguayo na kuchonyota pua. Snack: chakula chepesi kiliwacho baada ya kunuswa." Hata "snail", konokono wa watu, asiye na ugomvi na yeyote, alikuwa amepachikwa pua. Na chini kabisa, juu ya nafasi ya sahihi, lilikuwa jina langu.

Damu ilinipanda. Niliuchukua ukurasa ule nikaenda chumba cha kupangia kurasa, kwa fundi tuliyemwita Mkasi kwa jinsi alivyokata mistari yetu bila huruma ili itoshe.

"Kaka, nani kaandika haya?"

"Dada, mimi napanga tu. Nikiletewa pua napanga pua, nikiletewa masikio napanga masikio." Kisha akashusha sauti. "Ni mzee mwenyewe. Na utangulizi kauandika upya. Huu hapa, ila kaa chini kwanza."

Sikukaa. Utangulizi ulitangaza ugunduzi wa mhariri mkuu: kwamba maneno yote yenye kuanza na "sn" yana shina moja la maana, nalo ni pua. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, yamevuliwa tahadhari yote na kuvikwa jina lake.

Profesa aliingia wakati huohuo, miwani ikiwa juu ya paji la uso.

"Ah, binti yangu! Umeshatia sahihi? Gari la wachapaji linafika sasa hivi."

"Sijatia, na sitatia."

"Kulikoni tena?"

"Nyoka hahusiani na pua, Profesa. Wala theluji."

Mkasi alikohoa, akaikaribia kompyuta yake kana kwamba ameona kosa dogo sana.

"Mwanafunzi anahitaji mpangilio," alisema Profesa kwa utulivu. "Akizijua herufi, ameijua maana. Tunamrahisishia."

"Tunamdanganya. Ataandika habari za pua kwenye mtihani, darasa zima limcheke. Mwalimu wake akifungua kamusi kutafuta aliyempotosha mtoto, atakuta jina langu, si lako."

"Punguza hasira, binti yangu. Kazi ya kitaaluma haitaki hasira."

"Mimi si binti yako. Mimi ndiye mtunzi wa ukurasa huu."

Ofisi yetu ilikuwa na desturi isiyovunjwa: hakuna aliyetia sahihi ukurasa wa maneno kabla ya kusimama na kuusoma wote kwa sauti mbele ya waliopo. Upuuzi unaolipita jicho, tuliamini, hunaswa na sikio. Mtunzi akikataa, mhariri mkuu aliweza kutia sahihi badala yake, lakini naye ilimpasa asome.

Nilimnyooshea karatasi. "Kama unaupenda, simama uusome. Kisha utie sahihi yako."

Aliipokea kwa tabasamu la mtu anayembembeleza mtoto. Kunusa na kukoroma alivisoma kwa sauti ya mhadhara. Kwenye nyoka sauti ilipungua. Kwenye theluji alisimama akafuta miwani, ingawa ilikuwa safi.

"Chakula chepesi kiliwacho baada ya..." Mkasi alikuwa ametupa mgongo, mabega yakimtikisika.

"Endelea," nilisema. "Konokono bado anasubiri."

Aliiweka karatasi mezani. Hakuomba radhi, wala hakunitazama.

"Mrudishie maana zake," alimwambia Mkasi. "Utangulizi unabaki."

"Utangulizi huo ni uongo. Na ukweli kidogo uliomo humo si wako."

"Utangulizi ni wa mhariri mkuu, bibie. Hausomwi mbele ya mtu na hausubiri sahihi yako." Akatoka, mlango ukajifunga polepole nyuma yake.

Mkasi alizirudisha maana zangu moja baada ya nyingine. Nilisimama nikazisoma, nyoka akiwa nyoka, theluji ikiwa theluji. Nilipotia sahihi, kalamu ilitoboa karatasi, ikabidi achape nyingine.

Nje gari lilipiga honi. Mkasi alizipanga kurasa, utangulizi ukatangulia juu ya zote.

"Umeshinda, dada," alisema. "Mtoto atatafuta neno, na neno atalikuta sawa. Utangulizi husomwa na aliyeuandika na mkewe, tena mkewe kwa kulazimishwa."

Siku nyingine ningecheka mpaka machozi. Siku ile taya zilikuwa zimenibana.

"Basi mkewe amuulize," nilisema, "wazo hilo kalitoa kwa nani."

Nikatoka, na mlango niliufunga kwa nguvu, jengo zima lisikie.