Kikaratasi Kisicho na Jina

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Lakini zile za wiki ile zilikuwa za haki.

Bosi wetu alikwenda semina ya siku mbili, akarudi mtu mpya. Timu yenyewe watu wanne, tunatengeneza programu ya mama mmoja mwenye maduka ya dawa. Akatuambia sasa tutafanya kazi kwa wepesi: kazi ikatwe vipande vya wiki mbili mbili, kila asubuhi tusimame dakika kumi na tano kila mtu aseme anashughulika na nini, na kila kitu kiandikwe kwenye vikaratasi vya njano ukutani. Sikupinga. Mambo yenyewe mazuri ukiyafuata. Kanuni mojawapo ni kwamba muda wa kazi unakadiriwa na wanaoifanya. Tukakadiria wiki sita, kikaratasi kikabandikwa. Bosi akampigia yule mama mteja wetu simu mbele yetu: "Timu yangu imesema wiki tatu."

Imesema lini? Kwa mdomo wa nani?

Wiki mbili za kwanza zikaisha, kikaja kikao cha kujitathmini. Bosi akaleta boksi la viatu, juu yake kaandika "Msema kweli mpenzi wa Mungu". Akasema, "Andikeni kilichokwenda kombo, bila jina. Hapa hakuna kulipizana."

Mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino. Mama yangu mzazi nikimwandikia barua, alikuwa akinipigia simu kuniuliza imesema nini. Kwa hiyo nikamwomba binti ninayekaa naye meza moja, ambaye kwa mwandiko wake safi tulimpachika jina la Karani, aniandikie.

"Dada, una hakika?"

"Andika, mdogo wangu. Si kasema hakuna kulipizana?"

Akaandika: Bosi anamwahidi mteja tarehe bila kutusikiliza, halafu anasema tumesema sisi.

Bosi alikisoma, akatabasamu, akakitia mfukoni. Jumatatu akamwita Karani ofisini. Mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa, na akaambiwa hautaongezwa. Eti hana moyo wa timu! Binti wa watu, mwezi uliopita tu kamleta mama yake mgonjwa waishi pamoja.

Nilimkuta kwenye sinki ananawa uso.

"Kwa nini hukumwambia ni maneno yangu?"

"Tuliambiwa bila jina, dada."

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaingia kwa Bosi bila kubisha hodi, nikamwambia yale maneno ni yangu, kama kuna wa kufukuzwa ni mimi. Hata macho hakuinua.

"Acha kumkingia kifua. Mwandiko wake naujua."

Ijumaa mteja akaja kuonyeshwa kazi. Wiki tatu zilikuwa zimetimia na programu ilikuwa nusu, kama tulivyojua sote. Akauliza kulikoni. Bosi akakohoa, akatunyooshea kidole. "Vijana wangu hawa ndio walionihakikishia."

Nikachukua kikaratasi, nikaandika maneno yaleyale kwa mkono wangu, nikakibandika ukutani mbele ya mteja.

Bosi akasogea, akakunja uso. "Nini hiki? Hakisomeki."

"Ndiyo maana huwa naandikiwa," nikamjibu.

"Nisomee basi, mwanangu," mteja akasema.

Nikasoma, neno kwa neno.

"Kwani nyinyi mlisema wiki ngapi?" mteja akauliza.

Karani, ambaye alikuwa ameshafungasha vitu vyake, akaenda ukutani akabandua kile kikaratasi cha siku ya kwanza. Wiki sita, tarehe juu, herufi zimekaa sawasawa. Yule mama akavaa miwani, akakisoma mara mbili.

"Kuanzia leo tarehe nitazipokea kwa huyu," akasema, akimwonyesha Karani.

"Leo ndiyo siku yake ya mwisho," nikasema.

"Kwa nini?"

Yule mama akavua miwani, akamgeukia Bosi, akangoja. Bosi akalitazama boksi lake la viatu.

"Atakuwepo," akasema. "Mkataba unaongezwa."

Nikampa Karani kalamu.

"Andika hilo, mdogo wangu. Na safari hii tia na jina la aliyesema."